Kwenda Suhar Kuuliza Habari ya Maziwa

Mashoga zangu, kila mmoja wenu keshaniuliza kwa wakati wake. Mmoja kwa simu, mmoja kwenye ngazi za ofisini, na mmoja mbele ya watu sokoni Matrah, nimeshika mfuko wa samaki unachuruzika: "Ehe, Zuhura, ilikuwaje huko Suhar?" Kila mmoja nilimpa kipande. Sasa nasikia vipande vyenu havilingani, na kuna anayesema nilifika huko juu ya mgongo wa ng'ombe. Basi kaeni niwape yote mara moja. Humu ndani mna siri ya mtu mwengine pia, nimemuomba ruhusa na kanipa.

Kwa asiyejua mwanzo wake. Mimi nilikuwa mjane mwaka wa tisa, na wala sikuwa nikitafuta mume. Nna kazi yangu wizarani, nna nyumba yangu ya kupanga Al Khuwair, hapa Maskati, binti yangu kaolewa na anakaa na mumewe. Kisha akatokea Nassor. Alikuja ofisini kwetu na makaratasi ya bandari mpya inayojengwa Suhar, ambako anafanya kazi, akakuta dirishani kuna Mswahili mwenziwe, na makaratasi yale yakachukua muda mrefu kuliko yalivyostahili. Naye ni mgane. Mwaka mzima akanipigia simu, tukazungumza habari za Unguja, za watoto, za magoti yake yanayouma. Nikampenda. Nimeshasema, msinitazame hivyo.

Alipoleta posa, mama mkubwa wangu, Bi Shufaa, aliyenilea tangu kichanga, aliuliza swali moja tu: mama yake nani? Nikamwambia ni Bi Thureya, walikuwa wakikaa Malindi, Unguja, kabla ya kuhamia huku. Mama mkubwa akaweka kikombe chini.

"Thureya mke wa sonara?"

"Huyo huyo."

"Basi mwanangu, huyo ndiye aliyekunyonyesha."

Mnajua kuwa mama yangu alifariki siku ya pili baada ya kunizaa. Mama mkubwa wakati huo alikuwa Pemba, na mpaka habari zimfikie na apate chombo cha kumvusha, siku kumi zilikwishapita. Siku zote hizo nilikuwa mikononi mwa wanawake wa mtaa wa Malindi. Alipofika alikuta mtoto mzima anapumua, akanichukua Pemba, akanilea kwa maziwa ya mbuzi, na katika ule msiba hakuuliza nani alinipa ziwa. Lakini tangu mwaka wa kwanza, kila Idi ilikuja nguo yangu kutoka Unguja, imeshonwa kwa mkono na Bi Thureya, yenye kipimo changu barabara. Iliendelea hivyo mpaka nilipofika miaka saba, yakaja mapinduzi na dunia ikageuka, kila mtu akashika njia yake.

"Nani atamshonea mtoto asiye wake miaka yote hiyo," mama mkubwa alisema, "kama si mama wa ziwa?"

Na Nassor kanizidi miezi mitatu. Kama tumenyonya ziwa moja, basi yeye ni kaka yangu, na hapo hakuna shekhe wa kumuendea wala hila ya kutafuta. Nassor alimpigia mama yake simu siku ile ile. Bi Thureya akasema: "Mwambie aje mwenyewe. Mie sisemi hayo kwenye simu." Sote tukaona jibu ndilo hilo. Hata hivyo nilitaka kulisikia kinywani mwake, maana kukataliwa na bibi aliye hai ni afadhali kuliko kukataliwa na nguo za Idi.

Al Khuwair mpaka Barka

Alinipeleka Abdalla, mtoto wa mama mkubwa, mdogo wangu. Abdalla ana gereji Wadi Kabir na mafundi wanne, na magari ya watu yanaingia kwake yanakohoa na kutoka yanaimba. Gari lake mwenyewe lina mlango unaofungwa kwa kamba. Mganga hajigangi. Nilimwambia tuchukue teksi, akakasirika nusu saa nzima.

Mama mkubwa alinipa kikapu: mikate ya ufuta, sambusa, chupa ya chai ya maziwa yenye hiliki. "Usimwendee mikono mitupu," alisema. "Akiwa ni mkweo, umempelekea mkwe. Akiwa ni mama yako, umempelekea mama." Alisema hivyo akitazama pembeni. Alikuwa kaniombea harusi hii kuliko mimi mwenyewe, na ni yeye aliyeitia kisu, masikini.

Ilikuwa Alkhamisi asubuhi, barabara ina magari ya watu wanaorudi kwao mwambao wa Batina kwa mapumziko. Abdalla anaendesha taratibu na neno lake ni moja, "Kawia ufike." Tulipofika Barka sambusa zilikuwa zimebaki mbili. Hapo akasema hawezi kupita Barka bila kununua halua. Nikamwambia Suhar kuna halua. Akasema ya Suhar haina zaafarani ya maana. Muuza duka akasikia, akatukaribisha tukae, akatuonjesha ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kahawa kati ya kila moja, kisha akaanza kutueleza namna baba yake alivyokuwa akikoroga. Saa moja na robo tulikaa pale. Mie nakunywa kahawa moyo uko Suhar, Abdalla anabishana na mtu juu ya samli.

Nje kidogo ya Suwaiq

Gari lilikufa mchana, jua la utosi, kati ya Suwaiq na Khabura. Mpira wa rejeta ulipasuka. Abdalla alifungua boneti, mvuke ukamrudisha nyuma hatua mbili, akasema, "Si kitu." Niliposikia "si kitu" nilijua tutalala njiani.

Aliomba kitambaa cha kuufunga ule mpira. Sikuwa na kitambaa, nilikuwa na kanga mpya niliyoikunja kwa ajili ya kumtandia Bi Thureya magotini. Tukatazamana. Nikampa pande moja, akalichana, akafunga, akamimina maji yetu yote ya kunywa, tukaenda kama mwendo wa kutoka hapa mpaka msikitini, likafa tena. Doti yangu ikabaki pande moja, na mwanamke wa Kiunguja hapeleki kanga pande moja kwa mkwe. Nilikaa chini ya mtende wa watu nikalia. Nilijiambia nalilia kanga.

Pale ndipo alipotukuta ami Hamad. Ni mzee wa Batina, kanzu yake imepigwa fundo kiunoni, anaendesha lori dogo tupu lililojaa harufu ya ng'ombe. Tuliamkiana kwa Kiarabu ule mwamkiano wao mrefu, hali, afya, habari, hakuna habari, mpaka nikadhani tutamaliza mchana. Kisha akauliza tunakwenda wapi. Abdalla, aliyepewa mdomo na Mungu bila kifuniko, akasema: "Suhar, mambo ya ndoa ya dada yangu huyu."

"Mabruk," akasema ami Hamad, ndiyo hongera yao, na uso wake wote ukafunguka.

Nilitaka kusema bado, hapana mabruk, ndio kwanza tunakwenda kuuliza. Lakini mtu keshatoa kamba, keshafunga gari letu nyuma ya lake, na anatukokota kwake huku amepiga honi ya harusi. Ungemwambia nini?

Kwa ami Hamad

Shamba lake liko karibu na bahari. Zamani, alituambia, lilikuwa la ndimu tupu. Ndimu za Batina zilikaushwa zikauzwa nchi za watu, na baba yake alijenga nyumba kwa ndimu. Kisha miti ikaingia ugonjwa, na maji ya kisima yakaanza kuwa na chumvi. Sasa ana mitende, majani ya ng'ombe, na fahali mmoja anayeitwa Barqi. Watoto wake watatu wote wanafanya kazi Suhar, wawili kwenye ujenzi wa bandari na mmoja kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba.

"Wanavaa kofia ngumu," alisema. "Wanarudi hapa Ijumaa wanalala. Hata mmoja hajui Barqi anakula nini."

Barqi, kwa taarifa yenu, anakula tende, samaki mkavu na samli. Nimemuona kwa macho yangu akilishwa kwa mkono. Kesho yake Ijumaa alikuwa na pambano Suhar, kwenye uwanja wa mafahali, na ami Hamad akasema tutakwenda naye, kwani mpira wa rejeta hautapatikana mpaka Jumamosi. Kwa hiyo yule anayesema nilikwenda na ng'ombe hajakosea sana, ila nilikaa mbele.

Mkewe, Zayana, alinipeleka upande wa wanawake. Alitandika mkeka, akaleta wali na samaki wa chumvi wenye ndimu na pilipili, nikala mpaka nikaona haya. Wakati wa kunawa aliniuliza, bila kuzunguka, kwa nini bibi harusi ana macho mekundu. Nikamweleza yote. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa mgeni kwangu na asubuhi ningeondoka.

Alisikiliza, kisha akasema: "Katika nyumba hii mimi na wake wa mashemeji zangu tuliwanyonyesha watoto kwa kubadilishana, kwa makusudi. Nyumba ni moja, ua ni mmoja. Tulitaka wakikua wawe ndugu, wasichana wasijifunike mbele ya wavulana, kila mtu aingie chumba chochote. Sisi maziwa tuliyatumia kufungua milango."

"Na mie naogopa yamenifungia," nikasema.

"Hata yakiwa yamekufungia mume, yamekufungulia mama," Zayana akasema. "Wewe hukupata mama. Usiende huko na huzuni peke yake."

Alisema kwa wema, nami nilishukuru. Lakini nitakuambieni kweli, mashoga zangu: sikutaka mama. Nilikuwa na mama mkubwa, ananitosha na kubaki. Nilitaka Nassor. Nililala na fikra hiyo, na nikaiomba msamaha.

Ndani ya lori

Asubuhi tulikula mkate mwembamba wenye asali, tukapakia Barqi. Kumpakia kulihitaji wanaume watano na maneno mazuri mengi. Ami Hamad alikuwa akimsemesha sikioni kama mtu anayembembeleza mtoto kwenda chuoni.

Nilikaa dirishani, Abdalla katikati. Khabura ikapita, Saham ikapita. Kila Barqi alipohama mguu lori lote liliyumba. Karibu na Suhar barabara ilibadilika: malori makubwa ya kokoto, mabasi ya wafanyakazi wa Kihindi, mabango ya nyumba za kupangisha. Abdalla, ambaye tangu jana alikuwa kanywea kwa aibu ya gari, akapata uhai. Alikuwa akihesabu matairi ya kila trela, akisema mji huu unahitaji gereji. Ami Hamad akasema mji huu unahitaji visima vya maji matamu. Wakaanza kubishana na sikuwazuia, nilikuwa nikijinusa. Nilikuwa nanuka Barqi tangu mtandio mpaka viatu.

Nassor, niliyempigia simu usiku kutoka kwa ami Hamad, alikuwa katuahidi kutupokea uwanjani, na pale ndipo aibu yangu ilipokamilika. Ami Hamad alishuka kabla yangu. Watu wa mafahali wote wanajuana, na kila aliyemwamkia alimwambia kuwa kaleta bibi harusi kutoka Maskati pamoja na fahali. Mpaka Nassor anapenya kunifikia, keshapewa mikono na wazee kama kumi, mabruk, mabruk. Alifika kwenye dirisha la lori uso umempauka.

"Wameniambia mabruk," akasema. "Umepata jibu lolote?"

"Sijapata kitu, Bwana Nassor. Huyu mzee hakuelewa."

Akashusha pumzi. Nilimuona namna alivyoitaka iwe kweli, na iliniuma.

Tulimtazama Barqi akipambana, maana adabu ilitaka hivyo. Si pambano la damu. Fahali wawili wanaingizwa, wanagonganisha vichwa, wanasukumana, na atakayegeuka ndiye kashindwa, basi, wanavutwa kwa kamba. Mie nilitazama kutoka garini kama wanawake wengine waliokuja. Barqi alisukuma muda mfupi, akafikiri, akageuka akaondoka kwa heshima zake. Ami Hamad alimfuata, akamfuta uso kwa kilemba chake, hakumsema hata neno. Nilimpenda sana yule mzee saa ile.

Mjini Suhar

Kutoka uwanjani mpaka kwa Bi Thureya ni mwendo wa dakika kumi. Tulichukua saa mbili, kwa sababu Nassor alituonesha mji.

Mwanzo nilidhani ni ukarimu. Alitupitisha ngomeni, nyeupe, mbele yake bahari. Akatueleza kuwa zamani sana huu ulikuwa mji wa matajiri, vyombo vinatoka hapa vinakwenda mpaka Uchina, na mpaka leo ukichimba msingi wa nyumba unakuta vigae vya sahani za huko. Kisha akatutoa nje ya mji, upande wa milima, akasimamisha gari kwenye vilima vyeusi. Akaokota kipande akanipa mkononi. Kizito, cheusi, kina mng'aro wa kioo.

"Hiki ni kinyesi cha shaba," akasema. "Watu walichimba milima hii na kuyeyusha kabla ya Uislamu, kabla ya kila kitu. Walikata miti yote wakachoma. Miti ilipokwisha, wakazima moto wakaondoka. Mamia ya miaka baadaye wakaja wengine wakawasha tena."

Alipofika hapa kutoka Unguja akiwa kijana, Suhar ilikuwa imelala: ndimu, wavuvi, mashua za makuti ufukweni. Kisha wakajenga kiwanda kipya cha shaba, wakataka watu wanaojua Kiingereza na hesabu, na Waswahili walikuwa nayo yote mawili. Wenyeji wakawaita Wazinjibari na kuwacheka Kiarabu chao. Miaka ikapita, wakaoana, wakaacha kuchekana. Shaba ya milimani ikapungua, watu wakasema mji umekwisha. Na sasa bandari. Akatupeleka kuiona kwa mbali: winchi, mawe yanamwagwa baharini, mavumbi mpaka mbinguni. Kijiji cha wavuvi kilicho jirani hapo, alisema, wazee wake wanasubiri kuambiwa wahamie wapi, na watoto wao ndio wanaoendesha yale malori.

"Mji huu kila ukizikwa unatoka upande mwengine," akasema. "Ndiyo maana sijauhama."

Nilimtazama alivyokuwa akieleza, mikono yake, mvi zake, na pale ndipo nilipofahamu. Hakuwa akituonesha mji. Alikuwa akiogopa kufika nyumbani. Maadamu tuko njiani mie bado ni mchumba wake.

"Bwana Nassor," nikasema, "bandari nimeiona. Twende."

Abdalla akatangulia kuingia garini.

Kwa Bi Thureya

Nyumba yake ina ua mdogo na miasumini. Nilitaka kuoga kwanza, kubadilisha nguo, kuondoa ule mnuko. Lakini sauti ikatoka ndani: "Kama ndiye, mleteni alivyo."

Bi Thureya alikuwa amekaa juu ya godoro chini, mdogo, mifupa mitupu, macho yameingia ukungu. Niliinama nikambusu mkono. Nikamuwekea kikapu chenye mikate ya ufuta mitatu iliyosalia, halua ya Barka, na ile kanga pande moja, nikaanza kuomba radhi kwa ajili ya kanga. Akanikatiza kwa kunishika uso. Alinipapasa paji, nyusi, kidevu.

"Una paji la mama yako," akasema. Kisha, kwa wengine: "Tokeni. Na weye Nassor. Rudishia mlango."

Wakatoka. Nikasikia Nassor amesimama nje pale pale, hakwenda mbali.

"Umekuja kuuliza kama nilikunyonyesha."

"Ndiyo, mama."

"Sikukunyonyesha."

Mashoga zangu, nilihisi moyo umeruka. Nilifumbua mdomo kusema alhamdulillahi, akaniwekea kiganja mdomoni.

"Ngoja. Usifurahi bado, hujui unafurahia nini. Walikuleta mlangoni kwangu siku ya tatu. Mama yako kazikwa jana yake. Katika mtaa ule mie peke yangu ndiye niliyekuwa na mtoto mchanga. Lakini Nassor alikuwa dhaifu, haongezeki, tunahesabu siku zake. Mama mkwe wangu akasema, ukimpa huyu, wako atakufa. Nami nikamwamini. Nikafunga mlango."

Akajivuta karibu yangu.

"Wakakuweka nyumba ya pili. Ukuta wetu mmoja. Wanakupa maji ya sukari kwa kijiko, na weye unalia. Siku mbili unalia. Na kila ukilia, maziwa yananitoka. Yenyewe, mwanangu, bila mtu kunigusa. Yanalowa kanga, yanashuka mpaka kwenye mkeka. Nassor keshalala, keshashiba. Nami nayafuta kwa kitambaa. Siku ya tatu ya kilio chako akapatikana mwanamke Mngazija, mpita njia, anasubiri meli ya kwao. Yeye ndiye aliyekunyonyesha, mpaka alipokuja Shufaa. Alikuwa na mtoto wa kike. Sikujua jina lake hata siku moja."

"Na zile nguo?"

"Nilikuwa nikishona kila Ramadhani. Nashona nalia. Sikumwambia mume wangu, sikumwambia mtu. Shufaa akaniletea salamu, Mungu akulipe, mama wa ziwa. Nikashindwa kumrudishia salamu."

Kisha akasema neno lililoniketisha chini kabisa.

"Uliposema unakuja, nilitaka kukwambia ndiyo. Wiki nzima nimejizoeza: ndiyo, nilikunyonyesha. Shufaa anaamini, Nassor anaamini. Neno moja tu, nami ningekufa mwanamke mwema. Ila mwanangu angekosa mke, nawe mume, kwa uongo wangu. Mara ya pili ningekufungia mlango. Sikuweza."

Nitawaambia nilivyohisi, kwa kuwa mmeniuliza. Nilifurahi, maana Nassor ni wangu na hapana kizuizi. Na nilikasirika. Mwanamke wa miaka arobaini na tano, nina mjukuu njiani, nimekasirika kwa ajili ya kichanga cha siku tatu kinacholia ukutani na maziwa yanafutwa kwa kitambaa. Vyote viwili vilikuja pamoja na hakuna kilichompisha mwenziwe. Nililia kwa sauti. Yeye akalia bila sauti.

Nilipoweza kusema, nilisema: "Mama, ungeufungua mlango ule, leo Nassor angekuwa kaka yangu."

Alinyanyua uso. Niliona kuwa jambo hilo, katika miaka yote ile, halijamjia hata mara moja. Alikuwa kashughulika na kosa lake, hakupata kuangalia upande wa pili.

"Usinisamehe kwa hilo," akasema. "Hilo ni la Mungu, si langu. Mie niliufunga."

"Najua. Sitakwambia nimekusamehe yote leo, nitakuwa muongo. Nitakusamehe nikiwa hapa hapa, kidogo kidogo. Nnakuja kukaa."

Akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, akaufuta uso kwa ile kanga yangu ya pande moja. Kisha akanyoosha mkono akavuta sinia lililokuwa limefunikwa kwa kawa pembeni ya godoro. Wali wa nazi na samaki, alikuwa kapika mwenyewe tangu asubuhi kwa macho yale. Nilikuwa nimeshiba chakula cha watu wa njia nzima, nanuka ng'ombe, pua zinanitoka. Akafinya tonge kwa vidole vyake, akalitia mchuzi, akapapasa mpaka akaupata mdomo wangu. Nikala. Akafinya la pili.

Nje Nassor hakuweza kuvumilia tena. Akagonga mlango. "Mama, tuingie?"

Bi Thureya hakugeuka. Alikuwa akitoa miba kwenye samaki.

"Subiri, Nassor," akasema. "Leo weye utasubiri. Huyu kwanza."

Nassor akasubiri mpaka sinia likaisha.